Kutoka Kitabuni Hadi Mkononi: Kazi Rahisi za Watoto Zinazotokana na Hadithi

Shule zikifungwa, malalamiko ya wazazi wa Pwani huwa ni mawili. La kwanza, watoto wanashinda na simu kutwa. La pili, muhula ukifunguliwa mwalimu ataitisha kazi ya mikono ya Mtaala wa Umilisi, na mzazi atakimbizana na karatasi za manila, rangi na picha za kuchapisha saiba. Pesa zinatoka, mtoto anabandika picha ya Spider-Man kwenye boksi, kazi inapewa alama, kisha inatupwa.

Yote mawili yana dawa moja, nayo iko nyumbani. Mtoto aanze na hadithi anayoipenda, halafu atengeneze kitu kimoja kutoka ndani yake kwa vifaa vilivyopo. Lazima aisome au aisikie hadithi vizuri ili ajue atengeneze nini, na kitu kikikamilika atataka kuisimulia tena.

Hili si geni kwetu. Muhammad Kijumwa wa Lamu, aliyeandika Utendi wa Fumo Liyongo mwaka 1913, alikuwa mshairi, mwandishi wa khati na mchonga mbao. Mkono ulioandika utendi ndio uliochonga milango. Kina mama nao wamekuwa wakivaa maneno kwenye kanga kwa zaidi ya karne moja, na kanga haijawahi kuogopa mambo ya kisasa: Barack Obama aliposhinda uchaguzi wa Marekani mwaka 2008, haukupita muda akawa kwenye kanga.

Zifuatazo ni kazi tano. Zote zinahitaji mkasi, gundi, na mtu mzima karibu pale penye kisu.

1. Mkate wa Liyongo

Wengi wanaijua habari hii. Liyongo amefungwa gerezani na mfalme wa Pate. Mama yake anamletea vyakula vizuri kwa mkono wa kijakazi Saada, lakini walinzi wanavila. Liyongo anatuma maneno kwa mafumbo: mama aoke mkate wa wishwa, na ndani yake atie tupa. Walinzi wanaudharau mkate wa wishwa na kumwachia. Usiku ngoma inapigwa, kelele zake zinafunika sauti ya tupa, na Liyongo anakata pingu.

Mkate huu unatengenezwa hivi. Chukua puto dogo, ulipulize kiasi cha mkate wa mviringo. Pika uji mzito wa unga wa ngano na maji, uache upoe. Rarua gazeti vipande virefu vyembamba, uvichovye kwenye uji na kuvibandika juu ya puto mpaka lifunikwe lote. Acha likauke juani, kisha ongeza tabaka la pili na la tatu kwa namna ile ile. Usiharakishe: tabaka la ndani likibaki bichi, mkate utabonyea na kufanya kuvu.

Likishakauka kabisa, toboa puto, ulitoe, kisha mtu mzima akate mkate kwa kisu katikati ili upate kifuniko. Paka gundi nje na unyunyize wishwa wa kweli, ule unaobaki kwenye chekecheo. Hapo hakuna rangi ya kununua. Tupa ikatwe kwenye boksi gumu na kuzungushiwa karatasi ya fedha ya kufungia chakula.

Sasa mwambie mtoto aandike barua fupi ya mafumbo, kama maneno ambayo Liyongo alimtumia mama yake, ambayo walinzi wakiisoma hawataielewa. Aifiche ndani ya mkate pamoja na tupa na ampe mtu wa nyumbani aifumbue. Hapo ndipo kazi ya mikono inapokuwa somo la lugha. Mtoto aliyewahi kutunga fumbo lake mwenyewe hatasumbuliwa na utendi akifika sekondari.

2. Siwa ya karatasi

Siwa mbili ni mashuhuri katika historia yetu: ile ya Pate, ya pembe ya ndovu, yenye urefu wa zaidi ya mita 2, na ile ya Lamu, ya shaba. Zilipulizwa kwenye sherehe za wakubwa, na watu wengi hawajui kwamba siwa haipulizwi mwishoni kama tarumbeta. Tundu lake liko ubavuni.

Kunja karatasi ngumu tatu ziwe kama bahasha za njugu, kila moja pana kuliko mwenziwe. Kata ncha zake na uzichomeke moja ndani ya nyingine, ukizipinda kidogo ili siwa ipate mbinuko wa pembe. Funga maungo kwa gundi na vipande vya gazeti vilivyochovywa kwenye uji, kama kwenye mkate. Ziba upande mwembamba. Pima upana wa viganja viwili kutoka hapo, toboa tundu ubavuni na uchomeke kipande kifupi cha mpira wa maji. Mtoto afumbe midomo na kuivumisha kama nyuki kwenye mpira huo. Sauti haitafika ng'ambo ya kisiwa, lakini itatoka.

Mapambo yafanywe kwa uzi. Ubandike kwa gundi katika mistari na maua kama nakshi za milango, kisha paka rangi moja juu ya yote. Nakshi zitaonekana kama zimechongwa.

3. Kima na Papa

Hadithi hii ilichapishwa katika kitabu cha Edward Steere, Swahili Tales, mwaka 1870, na nyanya zetu walikuwa wakiisimulia bila kitabu. Kima anaishi juu ya mkuyu ulioinamia bahari na kumrushia papa matunda. Papa anamkaribisha kwao. Wakiwa katikati ya maji anamwambia kweli: mfalme wao ni mgonjwa na dawa ni moyo wa kima. Kima anajibu kwamba kima hawatembei na mioyo yao, huiacha mtini, basi warudi wakauchukue. Wakirudi, yeye anaruka juu ya mti na papa anabaki akingoja.

Soksi ya kijivu iliyopoteza mwenzake ni papa: mkono ukiwa ndani, vidole vinne juu na gumba chini, kinywa kinafunguka. Meno yakatwe kwenye kipande cha boksi jeupe, macho ni vifungo vya shati. Soksi ya kahawia ni kima, na mkia wake ni kipande cha kamba. Mkuyu ni tawi lolote lililosimamishwa ndani ya kopo la mchanga. Kisha shona moyo mdogo wa kitambaa chekundu, ujaze sufi na uutundike juu ya tawi.

Moyo huo ndio ufunguo wa mchezo. Watoto wawili wakishika kima na papa, watabishana juu yake bila kufundishwa. Waacheni wabadilishe mwisho wakitaka.

4. Kidau cha ndara na kisiwa cha Sindbad

Ufuo wetu haukosi ndara zilizoletwa na mawimbi. Mwaka 2018 mafundi wa Lamu walishusha majini Flipflopi, jahazi la mita 9 hivi lililoundwa kwa plastiki iliyokusanywa na kuyeyushwa, na kuvikwa vipande vya ndara za rangi zote. Mwaka 2019 lilisafiri mpaka Zanzibar. Kama ndara zimefika Zanzibar zikiwa jahazi, mtoto hawezi kushindwa na kidau.

Osha ndara moja, mtu mzima aichonge mbele iwe na ncha kama omo. Mlingoti ni kijiti kilichochomekwa karibu na mbele. Tanga ni kitambaa cha pembe tatu kilichofungwa kwenye chelewa inayokaa kimshazari, kwa sababu hilo ndilo tanga la jahazi. Chini ya kidau choma msumari mmoja mrefu katikati, uwe farumi. Bila uzito huo kidau kitapinduka kwa upepo wa kwanza, na hapo mtoto anajifunza kwa nini manahodha hawasafiri na chombo kitupu.

Hadithi ya kidau ni ya Sindbad baharia wa Alfu Lela Ulela, mwenye safari 7. Katika ya kwanza wanateremka kwenye kisiwa, wanawasha moto kupika, kumbe kisiwa ni samaki mkubwa na moto umemwamsha. Funika kifuu cha nazi ndani ya karai lenye maji machache, kibandike mchanga na majani juu, na chini yake kichoree macho. Kidau kikifika, kisiwa kiinuliwe.

5. Bangili za shanga zenye maneno

Hii ni ya wasichana wakubwa kidogo ambao hadithi za kima zimeshawachosha. Katika ziara ya Taylor Swift ya mwaka 2023 na 2024, mashabiki wake walikuwa wakibadilishana bangili za shanga zenye herufi, na mtindo ukaenea duniani. Kinachohitajika ni uzi wa mpira, shanga ndogo na shanga za herufi. Pima uzi kwenye kifundo cha mkono, ongeza vidole vinne vya kufungia, panga neno katikati kwanza kabla ya shanga za rangi, na ufunge fundo mara tatu.

Shanga si mgeni huku, wala tabia ya kuvaa neno. Msichana aliyezaliwa kwenye nyumba ya kanga ana methali za kutosha kufupishwa ziwe neno moja. Aliyepewa bangili akiuliza maana yake, mazungumzo yameanza.

Ukitaka kuuza, jua hili

Kazi ya mtoto ikipendeza, jirani ataitaka, na vijana wengi wa Pwani wanaishi kwa kuuza vitu vya mkono kwa wageni. Hapa ndipo chaguo la hadithi linapogusa mfuko.

Spider-Man ana mwenyewe. Alichapishwa mara ya kwanza mwaka 1962 na kampuni ya Marvel, ambayo tangu 2009 ni mali ya Disney. Kumchora nyumbani kwa mchezo wa mtoto hakutamletea mtu shida. Kutengeneza mikoba 50 yenye picha yake na kuiuza bila idhini ni jambo jingine. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 na Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya mwaka 2008 zinaruhusu bidhaa kama hizo kuchukuliwa na muuzaji kushtakiwa.

Hadithi za kale ni tofauti. Kwa sheria ya Kenya, hakimiliki ya maandishi hudumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kijumwa alifariki mwaka 1945, kwa hiyo muda wa utendi wake ulikwisha mwaka 1995. Kima na Papa haina mwandishi anayejulikana. Unaweza kutengeneza na kuuza Liyongo upendavyo, mradi tu usinakili mchoro wa msanii wa leo kutoka kitabu cha leo, maana mchoro huo ni wake. Chora wako.

Kuna upande wa pili unaotuhusu zaidi. Tusipovitumia vyetu, wengine watavitumia. Wengi wanakumbuka kampuni ya Uingereza iliyoomba kusajili jina la kikoi kama alama yake ya biashara. Wafanyabiashara wa Kenya walipinga na ombi halikufua dafu, lakini lingepita, muuzaji wetu angeuza kikoi Uingereza chini ya jina gani? Tangu 2016 tuna Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kitamaduni, inayomtaka mtu wa nje apate idhini ya jamii kabla ya kufanya biashara na urithi wake. Sheria hiyo imezipa serikali za kaunti kazi ya kuweka rejista ya urithi huo. Madiwani wetu waulizwe: ya kaunti yetu iko wapi, na ndani yake kumeandikwa nini?

Swali hilo ni la wakubwa, lakini jibu lake linategemea watoto. Rejista itaandika kile ambacho bado kuna watu wanakijua na kukitumia. Mtoto asiyejua siwa ilipulizwa vipi hatakuja kuidai ikichukuliwa.

Basi likizo hii anzeni na kazi moja tu. Nyanya asimulie, mtoto akate na kubandika, na kazi ikimalizika aisimamie mbele ya watu wa nyumbani na kusimulia yeye. Anayetaka rahisi zaidi aanze na kima na papa, kwa sababu hakuna nyumba inayokosa soksi isiyo na mwenzake.