Bunduki ikigoma, itazame fataki

HEWA ya chumvi ya kisiwa cha Mafia haichagui chuma. Inakula bati, inakula baiskeli, na inakula bunduki pia. Kwa mkulima anayemiliki bunduki kihalali, kutu iliyojificha ndani ya bolti ni adui asiyeonekana mpaka siku risasi inapogoma.

Bunduki ya bolti ni ile inayokokiwa kwa mkono kwa kila risasi. Nyingi zinafuata mfumo wa Mauser wa mwaka 1898. Ndani ya bolti mna springi na pini. Kifyatuo kikivutwa, springi huisukuma pini, nayo hugonga fataki, yaani kile kiduara kilicho kitakoni mwa risasi, na baruti huwaka.

Risasi ikigoma, usifungue bolti haraka, kwani baruti huweza kuchelewa kuwaka. Elekeza mtutu mahali salama, subiri angalau sekunde 30, ndipo uitoe. Kisha tazama fataki.

Alama ya pini ikiwa na kina cha kawaida, shuku risasi yenyewe: huenda ni kuukuu au imeingia unyevu. Alama ikiwa hafifu, pini haikugonga kwa nguvu. Huenda grisi imeganda, kuna kutu, au springi imechoka. Pasipo na alama kabisa, huenda pini imevunjika au bolti haikufungwa sawasawa.

Kabla ya kununua springi mpya, anza na usafi, maana ndio dawa isiyo na gharama kubwa. Hakikisha chemba na magazini ni tupu, kwa macho na kwa kidole. Toa bolti, ioshe kwa mafuta ya taa, ikaushe vizuri, kisha paka tone la mafuta mepesi ya bunduki. Mafuta ya taa peke yake hayazuii kutu. Mafuta ya nazi, ingawa Mafia ni kisiwa cha minazi, hayafai: huganda kukiwa na ubaridi, na huchacha. Wala usizidishe mafuta, maana hunasa mchanga na kupenya kwenye fataki.

Usiihifadhi bunduki kwenye mfuko wa ngozi au kitambaa, kwani hunyonya unyevu. Ukiivusha kwa boti kati ya Nyamisati na Kilindoni, ipanguse siku hiyohiyo.

Kukata springi au kusugua kifyatuo ili kiwe chepesi ni hatari: bunduki inaweza kulia kwa kuanguka tu. Kazi hiyo mwachie fundi mwenye leseni.

Mwisho, leseni ya silaha chini ya sheria ya mwaka 2015 si kibali cha kuwinda. Wanyamapori wanalindwa na sheria ya mwaka 2009. Kiboko akivamia mpunga, hatua ya kwanza ni kutoa taarifa kwa ofisa wanyamapori.