Nusu, Robo na Kasoro: Majina ya Sehemu Sokoni na Darasani

Mtu anunuaye sukari katika maduka ya Kariakoo akitaka nusu na robo ya kilo, hupimiwa gramu 750. Akitaka nusu robo, hupimiwa gramu 125. Kilichozitenga semi hizi mbili ni neno moja dogo, *na*, lakini kipimo cha kwanza ni mara sita ya kile cha pili. Penye *na* pana kujumlisha. Pasipo *na*, nusu ni nusu ya hiyo robo, yaani sehemu imezidishwa kwa sehemu. Muuzaji na mnunuzi hawagombani juu ya jambo hili, wala haielekei kwamba kuna aliyepata kufundishwa kanuni yake.

Kadhalika kutoa. Saa tatu kasorobo ni tatu iliyopunguzwa robo, na maneno mawili, *kasoro* na *robo*, yameungana hata yakawa moja. Mtoto ajuaye saa afahamu kwamba wakati huo ni saa mbili na nusu na robo, ingawa hakuna asemaye hivyo.

Hata hivyo, mtoto kama huyo akikabiliwa na 1/2 + 1/4 darasani aweza kuandika 2/6: amejumlisha tarakimu za juu, kisha za chini. Jawabu lake ni thuluthi moja, nalo ni dogo kuliko ile nusu aliyoanza nayo. Dukani angalilalamika kwamba amepunjwa.

Kosa hili lina sababu zaidi ya moja, lakini mojawapo ni ya lugha. Katika *robo tatu*, *robo* ni jina na *tatu* ni idadi yake, sawasawa na *ndizi tatu*. Ajumlishaye ndizi huhesabu idadi, na jina hulala pale pale. Lakini 3/4 ikisomwa "tatu juu ya nne", jina limepotea. Zimebaki namba mbili zilizopandana, na mwanafunzi huzitendea zote kama namba.

Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi mwaka 1967, hesabu ilihitaji istilahi zake. Tarakimu ya juu ikaitwa *kiasi*, na ya chini *asili*. Maneno haya ni mazuri kuliko yanavyotumiwa, kwa maana aghalabu hukaririwa bila kufasiriwa. Vitu vya asili mbalimbali havijumlishwi mpaka virejeshwe kwenye asili moja: nusu yageuzwa robo mbili, yaongezwa robo moja, zapatikana robo tatu. Kigawe kidogo cha shirika hakina kazi nyingine hapa ila kuitafuta asili hiyo. (Kwamba *kigawe*, kinachogawanyika, na *kigawo*, kinachogawa, vimetenganishwa kwa irabu moja tu ya mwisho, ni uchumi wa maneno uliopita kiasi, si ajabu wanafunzi kuvichanganya.)

Njia hiyo ina ukoo mrefu katika elimu ya mirathi, ambayo mafungu yake yaliyowekwa ni nusu, robo, thumuni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi. Mathalani, mtu amefariki akaacha mke mmoja, mama, na watoto wa kiume na wa kike, baba yake akiwa amekwisha kutangulia. Mke apata thumuni, mama sudusi. Thumuni na sudusi hazina jina la pamoja, basi mali yote yahesabiwa kuwa mafungu 24: mke 3, mama 4, jumla 7, watoto wabakiwa na 17. Hiyo 24, kwa Kiarabu, huitwa *asl al-mas'ala*, na *asl* ndilo neno lenyewe *asili*. Mhesabu akikosea hapa, mjane hupunguziwa haki yake ya nyumba.

Majina hayo ya Kiarabu yana mpaka. Nusu na robo ni za kila mtu. Sudusi, subui na tusui zajulikana kwa wachache. Ushuri, yaani sehemu ya kumi, ni jamaa wa *ushuru* utozwao sokoni, ambao haulazimiki tena kuwa sehemu ya kumi ya chochote. Kupita kumi hakuna majina yaliyozoeleka. Hapo neno *sehemu* lenyewe laweza kushika mahali pa jina: 3/4 kutoa 1/3 ni sehemu tisa za kumi na mbili kasoro sehemu nne za kumi na mbili, zabaki sehemu tano za kumi na mbili. Ni maneno marefu, lakini asomaye hivyo hapati nafasi ya kuitoa kumi na mbili katika kumi na mbili.