Chai ya kilimo hai: Cheti kinasema nini?

Siku hizi katika supamaketi za Nairobi, Nakuru na hata hapa Kericho mjini utaona pakiti za chai, asali, unga na mboga zilizoandikwa kwamba ni mazao ya kilimo hai. Bei yake aghalabu huwa juu kuliko ya bidhaa za kawaida. Wagonjwa wangu, hasa wale wenye kisukari na shinikizo la damu ambao wameambiwa wachunge wanachokula, huniuliza kama inafaa wajinyime kitu kingine ili wanunue bidhaa hizo. Nami huwauliza kwanza: ni nani aliyethibitisha, na alithibitisha nini?

Swali hilo lina uzito wa pekee kwetu sisi tunaoishi katikati ya mashamba ya chai ya Kericho na Bomet. Watu wengi wanaamini kwamba chai yetu tayari ni ya kilimo hai, kwa kuwa hawajawahi kuiona ikinyunyiziwa dawa ya wadudu. Nusu ya hoja hiyo ni kweli. Baridi ya nyanda hizi za juu hufanya wadudu wasumbufu wa chai kuwa wachache, na mkulima mdogo wa Litein au Mogogosiek anaweza kuchuma mwaka mzima bila kugusa dawa hiyo. Lakini mkulima huyo huyo huchukua magunia ya mbolea ya NPK, na pengine hutumia dawa ya kuua magugu miche yake ikiwa bado michanga. Mbolea hiyo ya viwandani imekatazwa kabisa katika kilimo hai. Shamba ambalo halijawahi kuona dawa ya wadudu laweza kunyimwa cheti kwa sababu ya gunia moja la mbolea.

Kinyume chake nacho ni kweli. Kilimo hai hakimaanishi shamba lisilo na dawa yoyote. Dawa inayotokana na maua ya pareto, zao linalojulikana sana kule Molo, huruhusiwa kwa masharti, na vivyo hivyo mwarobaini na baadhi ya dawa za madini ya shaba zinazozuia ukungu. Kinachokatazwa ni zile zilizoundwa kwa kemikali viwandani, pamoja na mbegu zilizobadilishwa jeni na mbolea ya maji taka ya mijini.

Miaka mitatu

Mkulima anayetaka cheti huanza kwa kuamua atamuuzia nani, kwa sababu soko ndilo huchagua kanuni. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipitisha kiwango chake cha mazao ya kilimo hai mwaka wa 2007, na nembo yake huitwa Kilimohai. Anayeuza Ulaya hufuata kanuni za Umoja wa Ulaya. Anayeuza Marekani hufuata za huko. Mashirika yanayotoa vyeti ni ya kibinafsi. Mengine makao yake ni ng'ambo, na mengine yalianzishwa hapa nchini.

Kisha huja kipindi cha mpito. Kwa mimea ya msimu kama vile mboga, Ulaya hudai miaka miwili ya kufuata kanuni kabla ya kupanda. Kwa mimea ya kudumu kama chai ni miaka mitatu kabla ya mavuno ya kwanza yatakayouzwa kwa jina la kilimo hai. Marekani nayo hudai miaka mitatu tangu siku ya mwisho ardhi ilipotiwa kitu kilichokatazwa. Katika muda huo wote mkulima hubeba gharama za kilimo hai huku akiuza kwa bei ile ile ya jirani yake.

Hapo ndipo wengi hukata tamaa, nami siwalaumu. Chai huhitaji nitrojeni nyingi, maana tunavuna majani yenyewe, tena mwaka mzima. Ukiondoa NPK ni lazima uirudishe rutuba kwa samadi, mboji na matawi yanayoachwa chini baada ya kupogoa. Mwenye ng'ombe wawili na ekari moja ya chai hana samadi ya kutosha, na aliyonayo mkewe anaitaka kwa bustani ya mboga.

Wakati huo huo lazima karatasi ziwe sawa: ramani ya shamba, historia yake, risiti za kila kilichonunuliwa na daftari la kila kilo iliyouzwa. Mkaguzi hufika angalau mara moja kwa mwaka, na mara nyingine bila taarifa. Hutazama mpaka, kwa sababu jirani akinyunyizia dawa siku ya upepo, matone huvuka ua. Mara nyingi mkulima hulazimika kuacha ukanda wa kinga kando ya mpaka na kuuza mavuno ya hapo kama ya kawaida. Mkaguzi huingia stoo pia, hunusa, hugeuza mitungi na kusoma vibandiko. Halafu hupiga hesabu: mwenye robo ekari akiuza majani ya ekari mbili, hapo kuna la kueleza. Anaweza kuchukua majani au udongo na kuvipeleka maabara, lakini sehemu kubwa ya kazi yake ni macho, maswali na hesabu. Naye siye anayetoa cheti. Ripoti yake husomwa na mtu mwingine katika shirika lake, na huyo ndiye huamua. Mwaka unaofuata wote huanza upya.

Kiwandani

Hata shamba likipita, safari haijaisha. Fikiria msomaji jinsi majani yanavyosafiri huku kwetu. Mkulima huyapeleka kwenye kituo cha kununulia, yanapimwa, lori hupita na kubeba ya watu wengi kwa pamoja. Kiwandani yote hunyaushwa, hukatwakatwa, huachwa yabadilike rangi na kukaushwa. Ikiwa mmoja kati ya wale wote ana cheti, majani yake yamekwisha kupotea kituoni.

Kwa hiyo kiwanda nacho lazima kiwe na cheti chake. Kikisaga aina zote mbili hutakiwa kutenganisha magunia, lori na saa za kazi, na kusafisha mashine kabla ya majani ya kilimo hai kuingia. Dawa za kuua panya na mende haziruhusiwi kugusa chakula. Kila fungu hupewa namba inayoweza kufuatwa kutoka pakiti hadi kituo cha kununulia. Moshi pia ni tatizo. Viwanda vyetu hukausha chai kwa joto la kuni za mikaratusi, na moshi ukivuja na kuingia katika hewa ya kukaushia unaweza kuacha kemikali iitwayo anthrakwinoni. Umoja wa Ulaya hauruhusu zaidi ya miligramu 0.02 katika kilo moja ya chai, iwe ya kilimo hai au la. Mkulima hakutia kitu chochote shambani, lakini chai yake yaweza kurudishwa.

Gharama za ukaguzi ni kubwa mno kwa mkulima mmoja mmoja, ndiyo maana wadogo huungana na kupata cheti kimoja. Kundi huajiri wakaguzi wake wa ndani wanaotembelea kila mwanachama, na shirika la nje huja kuhakikisha kwamba wakaguzi hao hawalali. Lakini kanuni mpya za Ulaya, zilizoanza kutumika 1 Januari 2022, haziruhusu kundi moja kuzidi wanachama 2,000. Chama cha KTDA kina wakulima zaidi ya 600,000 katika viwanda takriban 70, yaani kwa wastani zaidi ya 8,000 kwa kiwanda. Kwa hiyo kiwanda kizima hakiwezi kuingia Ulaya kama kundi moja. Itabidi kigawanyike, na kila sehemu isajiliwe peke yake kisheria. Nionavyo mimi, sharti hilo litazuia chai ya mkulima mdogo wa Bomet kuliko mdudu yeyote.

Kwa soko la humu nchini kuna njia nafuu. Wakulima wa eneo moja hukaguana wenyewe, wanunuzi wakialikwa kushiriki, na kundi likifaulu hutumia nembo ya Kilimohai. Mtandao wa kilimo hai nchini, KOAN, umesaidia makundi ya aina hiyo. Ulaya haiutambui utaratibu huo, lakini kwa mboga zinazouzwa sokoni naona unatosha. Jirani hujua vyema ni nani aliyebeba pampu Jumamosi iliyopita.

Hapa niondoe utata mmoja. Chura wa kijani unayemwona kwenye pakiti za chai ni nembo ya Rainforest Alliance. Mashamba yaliyokuwa ya Unilever hapa Kericho yalipata cheti hicho mwaka wa 2007, na viwanda vya wakulima wadogo vikafuata. Ni cheti cha maana: huangalia misitu, maji, makao ya wafanyakazi na matumizi ya dawa. Lakini hakikatazi mbolea ya viwandani wala dawa zote za kemikali. Si cheti cha kilimo hai. Pakiti ya kilimo hai hubeba nembo ya kilimo hai pamoja na jina au namba ya shirika lililoithibitisha. Neno "asili" lililoandikwa peke yake kwa herufi za kupendeza halikulindi kwa lolote.

Na afya je?

Mwaka wa 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha uchambuzi wa tafiti zaidi ya 200. Hawakupata ushahidi wa nguvu kwamba chakula cha kilimo hai kina virutubisho zaidi. Walichopata ni kwamba uwezekano wa kukuta mabaki ya dawa ndani yake ni mdogo. Chai ya kilimo hai ina kafeini ile ile, na huzuia mwili kufyonza madini ya chuma vile vile. Mjamzito mwenye upungufu wa damu asiinywe pamoja na chakula, hata iwe na vyeti kumi. Maziwa ya kilimo hai yasipochemshwa yaweza kukuletea homa ya brusela sawa na mengine, kwa sababu cheti hakipimi vijidudu.

Kwa hiyo mkazi wa mjini mwenye fedha kidogo za ziada namshauri asianze na chai. Aanze na nyanya, kabeji na sukuma wiki. Hizo ndizo hunyunyiziwa mara kwa mara, na wakati mwingine huchumwa kabla siku za kungoja zilizoandikwa kwenye mtungi hazijaisha. Kuosha kwa maji yanayotiririka hupunguza kilicho juu ya jani, si kile ambacho mmea umekwisha kukifyonza.

Anayefaidika zaidi na cheti ni yule aliyebeba pampu mgongoni. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliitaja glifosati mwaka wa 2015 kuwa yaelekea kusababisha saratani, ingawa wadhibiti wa Ulaya hawakukubaliana nalo. Ubishi huo haujaisha. Lakini kuhusu dawa za wadudu za jamii ya oganofosfati hakuna ubishi: humwangusha mtu siku hiyo hiyo. Mate na machozi humtoka, jasho humtiririka, mboni za macho husinyaa, hutapika na kifua hubana. Wengi hunyunyiza bila glavu wala kinyago, kisha nguo huenda kufuliwa na mama kwa mikono mitupu. Mtungi mtupu nao husuuzwa na kutiwa maziwa au maji ya kunywa. Katika shamba lenye cheti mkaguzi akiukuta mtungi kama huo stoo, cheti kiko hatarini. Katika shamba lisilo na cheti hakuna anayeuliza.

Ukimkuta mtu katika hali hiyo, mvue nguo, mwoshe kwa sabuni na maji mengi huku ukijikinga mikono yako, usimlazimishe kutapika, na umkimbize hospitali iliyo karibu. Akizimia mlaze kwa ubavu. Beba na ule mtungi, umefungwa vizuri ndani ya mfuko: daktari atasoma kibandiko na kujua kama ni dawa inayotibiwa kwa atropini au la.