Kundi la mbwa mwitu halihesabiwi kwa vichwa (3)

Habari za mbwa mwitu kuvamia mifugo zimerudi tena magazetini, na zimefuatwa na maoni yale yale: wapunguzwe, watakaobaki watazaana. Msomaji aliyefuatana nasi tangu makala ya kwanza anajua hoja hiyo inakotoka. Wanyama wakipungua, waliosalia hupata chakula tele, na idadi hupanda tena. Kwa panya ni kweli. Kwa mnyama anayeishi kwa kushirikiana, mambo yanaweza kwenda kinyume kabisa.

Aliyetufungua macho ni Warder Clyde Allee wa Chuo Kikuu cha Chicago, ambaye kwa maoni yangu anastahili kufundishwa shuleni sambamba na Darwin. Mwaka 1932 yeye na mwenzake Bowen walichapisha jaribio la samaki wa dhahabu, wale wanaofugwa majumbani. Walitia majini chembe laini mno za madini ya fedha, ambazo ni sumu kwa samaki. Aliyekuwa peke yake alikufa upesi. Waliowekwa kumi pamoja, katika maji ya kiasi kile kile, waliishi muda mrefu zaidi, kwani ute wa miili yao uliigandisha ile fedha ikatuama chini. Hakuna samaki aliyekusudia kumwokoa mwenzake, na bado wingi wao ulikuwa kinga. Allee alikuwa Mkweka, muumini wa dhehebu linalokataa vita. Enzi hizo wengi waliona porini kunyang'anyana tu. Yeye aliandika juu ya ushirikiano hata alipopooza miguu akawa anafanya kazi katika kiti cha magurudumu. Wapo waliodai imani ilimpotosha. Mimi naamini ilimwezesha kuona walichokipuuza wenzake, na sisi tunaosifia ubinafsi kana kwamba ndiyo sheria ya maumbile tungemsoma kwanza.

Sasa mtazame mbwa mwitu. Kwa kawaida katika kundi huzaa jike mmoja tu, naye huweza kupata watoto kumi au zaidi kwa mkupuo, mara nyingi katika shimo lililoachwa na muhanga. Wenzake huwinda alfajiri na jioni, hurudi matumbo yamejaa, watoto huwarukia midomoni wakilia, nao huwatapikia nyama. Mlinzi aliyebaki shimoni hulishwa vivyo hivyo. Kundi kubwa halihisi pengo la mlinzi mmoja. Kundi la wanne limepoteza robo ya wawindaji. Mlinzi naye akienda kuwinda, simba au fisi huwakuta watoto peke yao. Mwaka 2001 watafiti Franck Courchamp na David Macdonald walionyesha kwamba chini ya mbwa wakubwa watano hivi, kundi huanza kuelemewa.

Basi anayeua wawili kati ya sita huenda ameliua kundi zima. Idara za wanyamapori za wakoloni ziliwapiga risasi kwa miongo mingi zikijisifu kwa idadi ya mizoga. Serengeti ilibaki bila makundi yake mwaka 1991, na ilichukua hadi 2012 kuanza kuwahamishia wengine kutoka Loliondo.

Kwa mfugaji aliyepoteza mbuzi: mbwa mwitu huwinda zaidi kukiwa na mwanga kuliko gizani, kwa hiyo mchungaji awe mtu mzima, si mtoto, na mbwa wa kijijini wachanjwe. Jinsi kichaa cha mbwa kinavyolimaliza kundi kupitia kulambana na kulishana huko huko, tutaieleza wiki ijayo.