Chanjo haziishi utotoni

Mzazi, kadi ya kliniki ya mtoto wako iko wapi? Alipokuwa mchanga uliitunza kama hatimiliki ya shamba. Ulizijua tarehe zote: chanjo ya kifua kikuu alipozaliwa, ya polio, dondakoo, kifaduro na pepopunda alipofika wiki 6, 10 na 14, kisha ya surua alipotimiza miezi 9. Halafu mtoto akaanza shule, na kadi ikasahaulika chini ya sanduku.

Wazazi wengi hudhani kwamba kazi ya chanjo huishia hapo. Sivyo. Mtoto anayekaribia kubalehe ana chanjo zake. Na ikiwa una msichana wa miaka 10, kuna moja ambayo hufai kuiahirisha.

Kansa inayokingika

Chanjo hiyo ni ya HPV, virusi vinavyosababisha karibu visa vyote vya kansa ya mlango wa kizazi. Hapa Kenya, kansa hiyo ndiyo ya pili kwa kuwapata wanawake wengi, baada ya kansa ya matiti.

Virusi hivi huambukizwa kwa kujamiiana, na aliyeambukizwa kwa kawaida haoni dalili yoyote. Mara nyingi mwili huvishinda wenyewe. Visiposhindwa, huharibu chembe za mlango wa kizazi polepole, na kansa hujitokeza baada ya miaka 15 hadi 20. Kwa mwanamke mwenye virusi vya Ukimwi ambaye hatumii dawa, muda huo unaweza kuwa miaka 5 hadi 10 tu.

Serikali ilizindua chanjo hii mjini Mombasa mnamo Oktoba 2019 ili itolewe nchini kote. Katika mpango huo wasichana wa miaka 10 huchanjwa bila malipo katika vituo vya afya vya umma, na waliokosa wanaweza kuipata hadi umri wa miaka 14.

Mbona mapema hivyo?

Hili ndilo swali linalowasumbua akina mama wengi. “Mtoto wangu bado ni mdogo,” husema mzazi. “Si nitakuwa nimempa ruhusa ya kuanza mambo ya wakubwa?”

Jibu ni kwamba chanjo hukinga, haitibu. Virusi vikishaingia mwilini, chanjo haiwezi kuviondoa. Ni sharti ifike kabla yavyo, na mwili wa mtoto wa umri huo huipokea vizuri zaidi kuliko wa mtu mzima. Ulipomchanja mwanao dhidi ya pepopunda hukumruhusu kukanyaga misumari. Uchunguzi uliofanywa katika nchi mbalimbali umeonyesha kwamba wasichana waliochanjwa hawaanzi kujamiiana mapema kuliko wenzao.

Uvumi mwingine ni kwamba chanjo hii huwafanya wasichana kuwa tasa. Hakuna ushahidi wa jambo hilo. Kinachoweza kumnyima mwanamke uzazi ni kansa yenyewe, kwani matibabu yake mara nyingi huwa ni kuondolewa kizazi.

Matokeo yameanza kuonekana. Huko Scotland, utafiti uliotolewa mwaka 2024 haukupata hata kisa kimoja cha kansa ya mlango wa kizazi iliyokwisha kuenea kwenye nyama za ndani miongoni mwa wanawake waliochanjwa wakiwa na miaka 12 au 13.

Kenya ilipoanza mwaka 2019, kila msichana alidungwa mara mbili, miezi 6 ikipita kati ya sindano hizo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilisema kwamba hata sindano moja yaweza kutosha kwa wenye umri wa miaka 9 hadi 20. Wenye virusi vya Ukimwi huhitaji zaidi ya moja. Muulize muuguzi utaratibu unaomhusu binti yako.

Baada ya kudungwa, mkono waweza kuuma au kuvimba, na mtoto akapata homa kidogo au kizunguzungu. Aketi kwa dakika 15 kabla ya kuondoka.

Wavulana nao wasisahauliwe

Kinga ya pepopunda aliyopata mtoto mchanga hupungua miaka inavyopita. Ndiyo maana WHO hupendekeza nyongeza kati ya umri wa miaka 9 na 15. Wanawake wengi huipata wakiwa wajawazito, lakini mvulana hana kliniki kama hiyo, ingawa ndiye achezaye kandanda pekupeku na kushika panga shambani. Ikiwa unapanga kumpeleka kijana jandoni likizo ijayo, uliza habari za chanjo ya pepopunda mapema, wala usingoje wiki ya kutahiriwa.

Angalia pia surua. Dozi ya pili ilianza kutolewa katika kliniki za Kenya mwaka 2013 kwa watoto wa miezi 18, na wengi hawakurudishwa kuipokea. Kuhusu homa ya matumbo, kampeni ya Julai 2025 ililenga watoto wa miezi 9 hadi miaka 14. Kumbuka kama wako alikuwa miongoni mwao.

Ufanye nini sasa?

Itafute kadi hiyo leo jioni. Ikiwa imepotea, nenda katika kituo ulichokuwa ukimpeleka mtoto, huenda rekodi zake zingalipo. Mwambie muuguzi umri wa mtoto, na kama ana ugonjwa wowote au aliwahi kudhurika baada ya chanjo. Barua ya chanjo ikitoka shuleni, isome na uulize maswali kabla ya kukataa.

Nawe mama, usijisahau. Chanjo haikingi aina zote za HPV, kwa hivyo hata aliyechanjwa atahitaji kupimwa mlango wa kizazi atakapokuwa mtu mzima. Siku utakayompeleka binti yako kuchanjwa, uliza wewe utapimwa lini.