Kibodi Moja kwa Lugha Tatu

Anayeandika Kiswahili, Kiingereza na Kikuyu kwenye kompyuta moja mara nyingi hushauriwa aongeze kwenye Windows ile kibodi ya Kimarekani iitwayo United States-International. Jina la Ngũgĩ wa Thiong'o linatosha kuonyesha kasoro ya ushauri huo. Katika kibodi hiyo kitufe cha ritifaa hakiandiki papo hapo. Hungoja herufi inayofuata, na ikiwa ni irabu huitwika kistari cha mshazari. Thiong'o anageuka Thiongó, ng'ombe anakuwa ngómbe, ng'ambo inakuwa ngámbo, na dawa yake ni kubonyeza nafasi kila baada ya ritifaa. Pengine mtu angevumilia kama angepata ĩ na ũ. Hazipati: alama ya wimbi humo hukaa juu ya a, n na o tu, herufi za Kireno na Kihispania. Kiswahili kimeharibika na Kikuyu bado hakiandikiki.

Tatizo hilo lina tiba nyepesi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu kitufe cha i hakijui kwamba ni cha i. Kinachofika kwenye kompyuta ni namba ya kitufe kilichobonyezwa. Jedwali lililo ndani ya mfumo ndilo huamua namba hiyo iwe herufi gani, na jedwali huandikwa upya. Kila kitufe kinaweza kubeba herufi nne: kikiwa peke yake, pamoja na Shift, pamoja na AltGr (ile Alt ya kulia), na pamoja na zote mbili. Kwenye kibodi ya kawaida ya Kimarekani nafasi mbili za mwisho zimelala bure. Rai yangu ni kwamba herufi za ziada zipelekwe huko na visiguswe vitufe ambavyo vidole vimeshavizoea: AltGr na i itoe ĩ, ukiongeza Shift itoe Ĩ, u nayo vivyo hivyo, na ritifaa ibaki kama ilivyo. Ni herufi nne tu. Programu ya Microsoft Keyboard Layout Creator hupakia kibodi unayoitumia, ukaongeza unachotaka, ikakutolea faili la kusakinisha. Wenye Mac wana Ukelele, na Keyman ya SIL hufanya kazi hata kwenye simu. Linux imewatangulia wote, maana mpangilio wa Kikuyu umo tayari chini ya Kenya.

Wapo watakaosema ni rahisi zaidi kuweka kibodi mbili na kuhama kwa Windows na kitufe cha nafasi. Kwa herufi za Kiarabu sawa, hakuna njia nyingine ya maana. Lakini kwa lugha zinazotumia alfabeti moja, kuhama huko huvichanganya vidole. Mkazi wa Lubumbashi aliyejifunzia AZERTY, ambako a imekaa mahali pa q, akihamia QWERTY ili aandike Kiswahili ataona asante ikitoka qsqnte. Tena hakuwa na haja ya kuhama: kwenye AZERTY ya Kifaransa ritifaa iko kwenye kitufe cha 4, na huandika papo hapo.

Wengine hudai alama hizo ni pambo, kwamba msomaji ataelewa tu. Mzawa wa lugha ataelewa, kwa kukisia. Kikuyu kina irabu saba, na i, ĩ, u na ũ ni nne kati yake; ukiondoa mawimbi, irabu nne zimekuwa mbili. Kompyuta nayo huzihesabu i na ĩ kuwa herufi tofauti, kila moja na namba yake, hivyo orodha ya majina iliyoandikwa nusu kwa alama na nusu bila alama itamtaja mtu yuleyule mara mbili.

Pingamizi lenye uzito ni jingine. Windows huchukulia Ctrl na Alt zikibonyezwa pamoja kuwa ni AltGr, kwa hiyo njia ya mkato kama Ctrl+Alt+I, ambayo katika Word huonyesha ukurasa kabla ya kuchapa, inaweza kupotea. Mimi naona hiyo ni hasara ndogo, maana kazi hiyo ipo pia kwenye menyu. Kwenye kompyuta ya ofisi inayotumiwa na wengi, mwenzako asiyegusa AltGr hatatambua kama kuna kilichobadilika. Ila kuisakinisha kibodi hii huko kutahitaji ruhusa ya msimamizi wa mfumo, basi faili liwe kwenye flashi na ombi litangulie.