Je, Wajua? Sumu ya Mshale na Pumziko la Neva

Je, wajua kwamba neva ikishapitisha ishara moja ya umeme, hata uichokoze vipi, haitoi nyingine mpaka ipite kama sehemu moja ya elfu ya sekunde? Haijachoka. Milango yake imefungwa.

Ukuta wa seli ya neva una vilango vya sodiamu. Ishara ikifika, vilango hufunguka, sodiamu iliyojaa nje humiminika ndani, na umeme wa ndani huruka kutoka takriban milivolti 70 chini ya sifuri hadi 30 au 40 juu yake. Mara vilango hujikaza, wala havifunguki tena mpaka potasiamu itoke kwa njia yake na kuushusha umeme. Ndiyo maana ishara hairudi ilikotoka: nyuma yake bado pamefungwa. Waingereza Alan Hodgkin na Andrew Huxley waliyapigia hesabu haya yote mwaka 1952, kwa neva nene ya ngisi.

Lakini kila ishara huacha sodiamu kidogo ndani. Nani huitoa? Mwaka 1957 Jens Christian Skou wa Denmark alikipata kimeng'enya cha kazi hiyo katika neva za miguu ya kaa. Ni pampu: kila mzunguko hutoa chembe 3 za sodiamu na kuingiza 2 za potasiamu. Tuzo ya Nobel ilimfikia miaka 40 baadaye.

Na hapa ndipo ninapopapenda zaidi. Mwaka 1958 Mmarekani Robert Post alimwuliza Skou kama kimeng'enya chake kinazuiwa na uabaini, sumu iliyojulikana tayari kuzuia utoaji wa sodiamu katika seli. Kikajaribiwa, kikazuiwa. Hapo ikadhihirika kuwa pampu ndiyo hiyo. Uabaini ni sumu ya msunguti, mti wa Afrika Mashariki, na jina la sumu hiyo limetokana na neno la Kisomali la sumu ya mishale. Wawindaji Wawaata wa Tsavo waliichemsha sumu ya mti huo na kuipaka mishale ya kuulia tembo, ambaye moyo wake husimama.

Neva yenyewe ikitiwa uabaini hainyamazi papo hapo. Huendelea kupitisha ishara kwa akiba iliyobaki ya sodiamu nje na potasiamu ndani, ile nene kwa muda mrefu kuliko nyembamba, huku sodiamu ikizidi kujaa ndani bila wa kuitoa.